Ufa katika Ukuta wa Kikanisa: Jinsi Watu Walivyojifunza Kuujua Udongo



Katika kijiji kimoja upande wa Kasaji kiko kikanisa cha matofali ya kuchoma. Wazee walikijenga kwa mikono yao, wakakiezeka kwa nyasi, nacho kilisimama miaka mingi bila kasoro. Baadaye Wakristo wakachanga fedha, nyasi zikaondolewa, bati zikawekwa. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini majira ya mvua ya pili yalipokwisha, ufa ukaonekana katika pembe moja, mwembamba kama uzi. Mwaka uliofuata mtu aliweza kuingiza kidole.

Basi maneno yakaanza. Wengine walisema matofali hayakuiva vizuri. Wengine walimlaumu fundi wa bati, ati bati zimeuelemea ukuta. Neno hili halina akili, maana nyasi zilizoloa maji ni nzito kuliko bati. Hata walikuwako walionong'ona kwamba chini ya pembe ile pana kaburi la zamani. Mwishowe katekista akamwita mwashi mmoja mzee, akamwambia, "Baba, tusaidie, tumeshindwa." Mzee akaja, akachuchumaa. Hakuutazama ukuta, alitazama chini. Akachota mchanga kiganjani, akautilia maji kidogo, akaufinya, akauachia. Akasema, "Wanangu, ukuta hauna kosa. Niambieni, maji ya bati yanaanguka wapi?"

Nitarudi kwa mzee huyu baadaye. Kwanza nataka tupite njia ndefu kidogo, kwa sababu jambo alilolitambua kwa kiganja chake, mabingwa wa nchi nyingi walilifikia baada ya kazi ya miaka mingi, na baada ya minara mingi kuinama.

Nchi yetu na udongo wake

Kasaji iko katika jimbo la Lualaba, zaidi ya kilomita 200 magharibi ya Kolwezi. Reli itokayo Kolwezi hupita Mutshatsha, kisha Kasaji, kisha Malonga, ikafika Dilolo mpakani mwa Angola. Msafiri mwenye macho huona njiani udongo wa namna tatu. Juu ya nyanda ni mchanga, wa kijivu juu, wa manjano au mwekundu kidogo ukichimba. Katika miteremko, ambako maji yamekwisha kuuondoa mchanga, hutokea udongo mwekundu, na mara nyingi ndani yake mna changarawe ngumu zenye chuma. Chini kabisa, katika mabonde ya nyasi tunayoyaita dembo, ni udongo mweusi unaojaa maji wakati wa mvua na kukauka mgumu wakati wa kiangazi.

Utaratibu huu wa udongo kubadilika toka kilimani hata bondeni ulipewa jina na Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, katika Tanganyika. Mwaka 1935 aliuita katena. Waliowahi kutumikia misa ya Kilatini watakumbuka kwamba katena ni mnyororo. Kila udongo umefungamana na mwenzake wa juu na wa chini, na kinachowafunga ni maji yanayoshuka.

Mchanga wetu una ndugu mbali sana. Wenye elimu ya mawe huuita mchanga wa Kalahari, kwa jina la jangwa la kusini. Umetandazwa toka mto Orange, Afrika ya Kusini, ukapita Botswana, Namibia, Angola, Zambia na kwetu, hata ukavuka mto Kongo. Eneo lake lote ni kama kilomita za mraba milioni 2 na nusu. Sehemu kubwa ililetwa na upepo, katika nyakati za ukame mkubwa zamani sana. Na upepo una desturi yake: hubeba chembe za ukubwa mmoja na kuziacha pamoja, kama mwanamke anayepepeta mahindi katika ungo. Kwa hiyo chembe za mchanga huu zinafanana sana. Msomaji aliweke neno hili akilini, tutalihitaji.

Wazee na kichuguu

Wazee wetu hawakuwa na mizani za maabara, lakini hawakuwa wajinga wa udongo. Mama mfinyanzi hachukui udongo mahali popote. Anajua bonde lake. Anaufinya udongo katikati ya vidole, anaukunja, na ukipasuka anauacha. Walunda, ambao mfalme wao ni Mwant Yav, waliuzungushia mji wao mkuu, Musumba, mahandaki na maboma ya udongo. Boma la namna hiyo haliwezi kusimama katika mvua zetu kama wachimbaji hawajui ni udongo gani unakaa na ni upi unaporomoka.

Lakini udongo uliopendwa kuliko wote katika Katanga ni ule wa kichuguu. Mafundi wa shaba wa zamani, walioitwa wala shaba, walijenga tanuru zao kwa udongo huo, kwa kuwa uliustahimili moto. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyekuwa mkuu wa misioni ya Katanga, aliandika makala juu ya mafundi hao mwaka 1926, wakati kazi yao ilipokuwa imekwisha kufa mbele ya viwanda vikubwa. Wamisionari na waashi wao walifuata desturi ile ile: matofali mengi ya makanisa, shule na nyumba za Katanga yametoka katika vichuguu, na hata leo waona vichuguu vilivyokatwa nusu kama mkate kando ya barabara.

Kwa nini udongo huo? Kwa sababu mchwa huchagua. Hupanda na kushuka chini sana, huleta chembe zilizo laini kabisa, huzigandisha kwa mate yao, na kuziweka juu. Mchanga mnene huacha chini. Hivyo katika nchi ya mchanga kichuguu ni ghala la mfinyanzi, lililojaa bila mtu kulipa mshahara. Tena si kazi ya jana. Wataalamu walivipima vichuguu vikubwa vya karibu na Lubumbashi, vyenye kimo cha mita nyingi, wakatangaza matokeo yao mwaka 2015: kimoja kina umri wa zaidi ya miaka 2000. Maana yake mchwa walianza kukijenga kabla Bwana wetu hajazaliwa Bethlehemu. Nasi twakimaliza kwa tanuru mbili za matofali!

Mnara wa Pisa

Sasa twende Ulaya, maana huko ndiko elimu ya kuupima udongo kwa hesabu ilikoandikwa.

Kila mtu ameona picha ya mnara wa Pisa, Italia. Ni mnara wa kengele wa kanisa kuu. Ulianzwa mwaka 1173, na ulipofika ghorofa ya tatu ukaanza kuinama, kwa sababu chini yake ni mfinyanzi laini. Vita vikaisimamisha kazi karibu miaka 100. Kumbe vita vile viliuokoa mnara! Kama wangeendelea kujenga upesi, mfinyanzi ule ungeshindwa na mnara ungeanguka. Katika miaka ile ya kungoja, uzito wa ghorofa tatu uliyakamua maji taratibu, udongo ukakaza. Wajenzi hawakuyajua haya; waliona tu kwamba inawezekana kuendelea. Mnara ulikwisha katika karne ya 14, nao ukazidi kuinama mpaka ulipofungwa mwaka 1990. Mafundi waliurudisha nyuma kidogo, kiasi cha nusu ya digrii, kwa kutoa udongo polepole chini ya upande wa kaskazini, ule uliokuwa juu. Wageni wakaruhusiwa tena kupanda mwaka 2001. Hawakuusukuma mnara wala kuuvuta kwa nguvu. Walichota udongo tu.

Kwa karne nyingi ujenzi ulikuwa hivyo: kujaribu na kuomba. Mwaka 1773 mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Bwana Coulomb, alieleza mbele ya chuo cha wenye elimu huko Paris kwamba udongo husimama kwa nguvu mbili. Ya kwanza ni msuguano wa chembe, kama katika mchanga. Ya pili ni kunatana, kama katika mfinyanzi. Alikuwa amejifunza kwa taabu, akijenga ngome katika kisiwa cha Martinique. Neno lake bado lafundishwa, lakini lilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: halikutosha kueleza kazi ya maji.

Uzi wa udongo

Aliyeanza kuupa udongo majina kwa kufuata maji ni mkemia wa Sweden, Bwana Albert Atterberg. Mwaka 1911 alitangaza jambo ambalo kila mfinyanzi wa kike wa Afrika angelicheka kwa kulijua zamani: kwamba mfinyanzi mmoja una hali mbalimbali kwa kadiri ya maji yake. Ukiwa na maji mengi humiminika kama uji. Yakipungua hufinyangika, waweza kuutengeneza chungu. Yakipungua tena huvunjika-vunjika. Mwishowe hukauka kama jiwe, na hausinyai tena.

Lakini Atterberg aliongeza kitu ambacho mfinyanzi hakukihitaji: aliweka mipaka yenye hesabu. Mpaka wa kufinyangika hupatikana hivi. Chukua udongo uliolowa, uviringishe juu ya kioo kwa kiganja mpaka uwe uzi mwembamba wa milimita 3. Usipokatika, ukunje, uuviringishe tena. Maji yanapungua kila mara kwa joto la mkono. Siku uzi unapokatika-katika ukiwa na unene huo, hapo ndipo mpaka. Upime, uukaushe katika tanuri, uupime tena, na tofauti ndiyo maji. Nayo huhesabiwa kwa mia ya uzito wa udongo mkavu. Mpaka wa kumiminika nao una kipimo chake. Toka mpaka mmoja hadi mwingine ni nafasi ya kufinyangika. Ikiwa kubwa, udongo huo hunywa maji mengi, huvimba, husinyaa, na huzipasua nyumba. Mchanga hauna nafasi hiyo kabisa. Jaribu uuone: hauviringiki hata kidogo.

Nasema wazi kwamba kazi hii ya Atterberg naipenda kuliko mashine zote zilizokuja baadaye. Ni elimu ya mkono iliyotiwa nidhamu.

Masanduku ya sigara

Mwaka 1916 mhandisi mzaliwa wa Praha, Karl Terzaghi, alikwenda kufundisha Konstantinopoli, mji ambao sasa ni Istanbul. Alikuwa ameona mabwawa na misingi mingi ikiharibika, na hakuna aliyeweza kusema sababu. Hakuwa na fedha za maabara. Alianza majaribio yake kwa masanduku ya sigara na vitu vilivyookotwa jalalani. Mwaka 1925 alitoa kitabu chake kikubwa, kwa lugha ya Kijerumani, na tangu siku hiyo watu humwita baba wa elimu hii.

Fikira yake kuu yaweza kuelezwa kwa sifongo. Sifongo lililojaa maji, ukilibana ndani ya kopo lisilo na tundu, halibonyei: uzito wa mkono wako unachukuliwa na maji, si na sifongo. Toboa tundu dogo. Maji yanatoka taratibu, na kadiri yanavyotoka, sifongo linauchukua uzito na kubonyea. Hivyo ndivyo mfinyanzi uliojaa maji ulivyo. Nyumba ikijengwa leo, maji huubeba uzito kwanza. Halafu hukamuliwa miezi na miaka, na nyumba hushuka. Katika mchanga matundu ni makubwa, maji hutoka mara moja. Hapo twaelewa Pisa, na twaelewa kwa nini mjenzi mwenye busara katika mfinyanzi laini hafanyi haraka.

Mwanafunzi na msaidizi wake, Arthur Casagrande, ndiye aliyeupanga udongo wote katika jamaa. Wakati wa vita kuu ya pili jeshi la Marekani lilihitaji viwanja vya ndege upesi katika nchi zisizojulikana. Mwaka 1942 Casagrande akatengeneza utaratibu mfupi wa herufi, nao mwaka 1952 ukakubaliwa kuwa wa pamoja na idara kubwa za ujenzi za Marekani. Kwanza udongo huchekechwa katika chungio yenye matundu ya milimita 0.075, kadiri ya unene wa unywele. Ikiwa zaidi ya nusu imebaki juu, ni changarawe au mchanga. Ikiwa nusu au zaidi imepita, huulizwa mipaka ya Atterberg: je, ni mfinyanzi au ni tope? Tope ni chembe laini kuliko mchanga, lakini hazinati. Ukilikausha husagika kwa vidole kama unga. Kwa mchanga huulizwa pia: chembe zake zimechanganyika, kubwa kwa ndogo, au ni za ukubwa mmoja? Mchanganyiko ni bora, kwa kuwa ndogo hujaza nafasi za kubwa, kama watoto wanaokaa katikati ya watu wazima katika benchi. Mchanga wetu, uliopepetwa na upepo, mara nyingi huandikwa katika jamaa ya pili, ile isiyosifiwa.

Udongo mwekundu wawashangaza mabingwa

Herufi hizi zilipofika Afrika, zilikuta mgeni. Vipimo vingi vilikuwa vimefanywa kwa udongo wa nchi za baridi. Katika nchi za joto na mvua, mwamba huoza mahali pake kwa muda mrefu mno. Maji huondoa karibu kila kitu, na chuma na alumini hubaki. Ndiyo sababu ya wekundu. Huko India ya kusini, Mwingereza Francis Buchanan aliwaona watu wakikata udongo wa namna hii kama matofali, nao ukigeuka mgumu juani. Katika kitabu chake cha mwaka 1807 akauita lateriti, kwa neno la Kilatini lenye maana ya tofali.

Jirani yetu Kenya ndiko mabingwa waliposhikwa na mshangao mkubwa. Katika miaka ya 1950 bwawa la Sasumua lilikuwa linajengwa kusini ya milima ya Nyandarua, ili kuupa mji wa Nairobi maji. Udongo uliokuwapo ni mwekundu, mlaini, wenye chembe nyingi za mfinyanzi. Kwa vipimo vya vitabu ulikuwa udongo mbaya: ulihitaji maji mengi mno ili ushindiliwe, na hata baada ya kushindiliwa ulikuwa mwepesi. Lakini ulipopimwa nguvu, ulikuwa na nguvu. Terzaghi mwenyewe, sasa mzee, aliombwa shauri. Mwaka 1958 alitangaza sababu. Mfinyanzi ule ni wa aina iitwayo haloisiti, na chembe zake zimeshikana katika vifungu vigumu, vyenye maji ndani yake. Kwa chungio ni mfinyanzi. Kwa tabia unafanana na kitu chenye chembe kubwa zaidi. Bwawa likasimama. Na tangu hapo mafundi wa Afrika hujihadhari na jambo jingine: udongo mwekundu wa namna hii ukikaushwa sana kabla ya kupimwa, vipimo vyake hubadilika, wala kuulowesha tena hakuurudishi ulivyokuwa.

Katika Kongo kazi ya kuuchora udongo ramani ilifanywa na chuo cha kilimo cha INEAC, kilichoanzishwa mwaka 1933 na kuwa na makao yake Yangambi. Majina yao yalikuwa ya wakulima, si ya wajenzi, na ni haki. Mkulima huuliza kama mihogo itaota. Mwashi huuliza kama ukuta utasimama. Udongo mmoja waweza kumpendeza mmoja na kumhuzunisha mwenzake. Dembo jeusi linalolisha bustani ya mboga ni mahali pabaya pa kuweka shule.

Reli na mchanga

Reli ya Tenke hadi Dilolo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, iliunganishwa na ile ya Benguela mwaka 1931. Ilijengwa na kampuni ya BCK. Hivyo shaba ya Katanga ikapata mlango wa bahari huko Lobito, na Kasaji ikapata stesheni.

Sasa tazameni miaka. Mwaka 1933, miaka miwili baada ya reli kukamilika, mhandisi Ralph Proctor wa Los Angeles alionyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji ya kushindilia. Ukiwa mkavu mno, chembe zinagoma kusogeana. Ukiwa na maji mengi mno, maji yanashika nafasi. Katikati pana kiasi ambacho udongo hukaza kuliko vyote. Fundi wa barabara wa leo hupima kiasi hiki kwanza, ndipo huleta gari la maji na mashine ya kushindilia. Wale waliojenga reli yetu hawakuwa na kipimo hicho. Kawaida ya siku zile ilikuwa kumwaga udongo katika tuta na kuuacha utulie wenyewe kwa mvua na kwa uzito wa magari, huku vikundi vya wafanyakazi wakiinua reli na kuongeza kokoto kila pahali palipobonyea. Baba na babu wa wengi wetu walikula mshahara huo.

Reli ilipita katika majaribu mengine pia. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia ya Benguela, na manganisi ya Kisenge, jirani zetu, ikarundikana bila safari. Mwezi wa Machi 2018 manganisi ilianza tena kuvuka mpaka kwa reli. Lakini mambo ya vita si habari yangu leo. Mimi nashughulika na kilicho chini ya reli.

Adui wa mchanga ni maji yanayokimbia. Kananga, Kikwit na Kinshasa, miji iliyojengwa juu ya vilima vya mchanga, yanajua hayo kwa machozi. Mahali watu walipokata majani na kuelekeza maji ya barabara katika mteremko mmoja, korongo huanza kama mfereji wa mtoto, likawa bonde linalomeza nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022, mvua kubwa huko Kinshasa iliporomosha miteremko na kuua watu zaidi ya 100.

Tena kuna hatari ya pili, isiyo na kelele, na hiyo ndiyo iliyokigusa kikanisa chetu. Mwaka 1957 Bwana Jennings na Bwana Knight wa Afrika ya Kusini waliwaeleza wenzao habari ya mchanga unaozama ghafula. Chembe zake zimesimama mbalimbali, zenye nafasi nyingi katikati, na zimeshikizwa kwa gundi kidogo ya mfinyanzi. Ukiwa mkavu, mchanga huo ni mgumu. Wachimba msingi husema, "Hapa ni imara kabisa," na kweli nyumba hukaa miaka mingi. Lakini siku maji yanapoingia chini ya msingi, gundi hulainika, chembe huangukiana, na pembe ya nyumba hushuka bila uzito wowote kuongezwa.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la mzee. Nyasi za kale zilinywa mvua na kuidondosha pande zote, kidogo kidogo. Bati ziliikusanya. Paa liliinama upande mmoja kidogo tu, hakuna aliyeangalia. Hakuna mfereji uliowekwa. Na kila mvua maji yote ya upande ule yalimwagika pembeni pamoja, juu ya mchanga mtupu. Katika nchi inayopata mvua ya zaidi ya milimita 1000 kwa mwaka, paa la mita za mraba 100 hukusanya maji zaidi ya lita 100,000. Nasi sote twajua habari ya Injili ya mtu aliyejenga juu ya mchanga. Nikiisoma sasa naona kwamba kabla ya nyumba kuanguka yametajwa mvua, mafuriko na pepo. Mchanga peke yake haukuiangusha.

Mzee aliwaagiza kazi ya siku nne. Waliweka mfereji wa bati chini ya paa na pipa mwisho wake. Walichimba kando ya msingi, wakajaza udongo wa kichuguu uliochanganywa na changarawe nyekundu, wakaulowesha kidogo na kuushindilia kwa magogo, tabaka kwa tabaka, ukiwa na mteremko wa kuyapeleka maji mbali. Nilimwuliza ajuaje kiasi cha maji. Alifinya donge mkononi, akaliangusha kutoka kimo cha kiuno. Likavunjika vipande vitatu, vinne. "Likisambaa kama unga, ongeza maji," alisema. "Likibaki bonge zima, ngoja likauke." Hajapata kusikia jina la Proctor.

Ufa wenyewe hakuuziba mara moja. Alipaka juu yake kibandiko chembamba cha chokaa, akaandika tarehe kwa msumari, akasema mtu asikiguse. Kikipasuka, nyumba bado yashuka. Majira mawili ya mvua yamepita. Kibandiko ni kizima, na baada ya mavuno ya mahindi Wakristo wanataka kuuziba ufa na kupaka ukuta wote chokaa. Pipa nalo lina maji, na akina mama wa jirani huyateka kwa kufulia.